Pepeo za Tolliver

Jumapili, 5 Juni

Daftari hili kalinunua dada yangu Earlene. Anasema kila Jumapili Lonzo akipiga simu kutoka gerezani mimi humpa habari zilezile: joto, mbwa wa jirani, goti langu. "Kaka, mtu kafungiwa miaka thelathini anataka kusikia dunia, siyo goti," anasema. Basi nitaandika kila kinachotokea, ili mdogo wangu akipiga niwe na cha kumpa. Shule niliiacha darasa la nane, au yenyewe iliniacha mimi, kwa hiyo asiyependa mwandiko wangu asisome.

Haya, leo. Kanisani Kanaani Mpya mashine ya kupoza hewa imekufa tena. Mchungaji kahubiri juu ya moto wa milele na hakuna aliyehitaji maelezo. Ndipo Dewitt Tolliver, mwenye nyumba ya mazishi, akaingia na maboksi ya pepeo za mkono. Kila mwaka wa uchaguzi huwa anatugawia: karatasi ngumu iliyogundishwa kwenye kijiti cha mbao. Safari hii upande mmoja ni uso wa Renita Gaithers, mwendesha mashtaka wetu wa jiji, anayegombea muhula wa tatu. Anatabasamu meno yote, na chini yake pameandikwa HAKI HAISUBIRI. Ukigeuza, unakuta gari jeusi na maneno: Tolliver na Wanawe, Tunakusindikiza kwa Heshima.

Nikamwambia, "Dewitt, hukufikiri? Mtu akigeuza mkono tu, mgombea kashazikwa."

"Mzee Cleo, na wewe utakuja kwangu tu. Nitakuvalisha tai ya zambarau."

Renita mwenyewe alikuwepo. Alinikumbatia, akaniita Mjomba kama anavyotuita wazee wote wa Mtaa wa Cotter alikokulia. Akaninong'oneza, "Faili la Lonzo liko mezani kwangu, Mjomba. Siyo kwenye kabati. Mezani."

Mwaka jana watu wa ofisi yake mwenyewe walilisoma upya hilo faili. Shahidi pekee wa kesi amekana, kasema polisi ndio waliomfundisha la kusema. Wakaandika kwamba Lonzo hakumuua mwenye duka, kosa alilofungiwa. Na kwa sheria ya jimbo letu ni mwendesha mashtaka tu anayeweza kwenda kwa jaji akasema tulikosea, mfungulieni. Wakili hawezi. Mchungaji hawezi. Mimi nimepiga kelele miaka yote hiyo, siwezi. Renita anaweza, kwa saini moja.

Jumatano, 8 Juni

Nimechomeka vibao vya Renita kwenye nyua za Cotter, pande zote mbili. Mbwa wa jirani kakikojolea cha kwanza. Nimemwandikisha kuwa mpinzani.

Jumanne, 14 Juni

Leo nilikwenda ofisi yake ya kampeni, lile duka la viatu la zamani. Bado linanuka ngozi. Nilivaa kofia nzuri.

"Mjomba, kaa. Unakunywa chai ya barafu?"

"Nakunywa saini."

Akacheka, kisha akafunga mlango. Renita akifunga mlango anakuwa yule mtoto wa shule ya Jumapili aliyewashtaki wavulana kwa kuiba biskuti na akaita mashahidi watatu.

"Nisikilize. Nikipeleka ombi kesho, chama cha polisi kitamweka mjane wa yule mwenye duka kwenye televisheni kila jioni mpaka Agosti. Mpinzani wangu Grady Stroud atanishinda. Na Stroud akiingia ofisini, siku ya kwanza atakwenda kwa jaji kuliondoa ombi. Lonzo atakuwa amefungiwa mara ya pili, na mara hii hakuna wa kumrudia. Nipe mpaka uchaguzi wa Agosti. Mjini hapa ukishinda ndani ya chama umeshinda kila kitu, unajua."

Nilimtazama. Hakuwa anadanganya. Kila neno lilikuwa kweli, na mimi ninayewacheka wote sikupata la kucheka.

"Sawa," nikasema. "Agosti."

Jumapili, 19 Juni

Lonzo kapiga. Nikamweleza kama alivyoeleza Renita.

"Wewe unaonaje?" akauliza.

"Naona tungoje. Msichana wetu ashinde kwanza."

"Basi tungoje. Siendi popote." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kikakaa sana. Anasema huko ndani kuta zinatoka jasho. Hawana hata feni. Mtu akilowesha shuka na kujifunika, inakauka kabla hajapata usingizi.

Ijumaa, 24 Juni

Joto.

Jumatano, 29 Juni

Earlene alimtumia Lonzo upepeo wa Tolliver kwa posta. Umerudi. Gereza limekataa kwa sababu ya kijiti, linasema ni silaha. Nimebandua kijiti, nimetuma karatasi tupu. Earlene anauliza atajipepea vipi bila mpini. Nimemwambia mtu mwenye shida hushika popote.

Jumamosi, 9 Julai

Kanisa limekaanga kambare uwanjani, kumpatia Renita kura na sisi kiungulia. Yeye kafika na sketi ya buluu, kajifunga aproni, kageuza samaki mwenyewe kwenye mafuta. Watu walipenda. Alisimama juu ya kreti akahutubia, na mimi nimekaa pembeni na bamia zangu nikimsikiliza na kuihesabu ngazi yake yote, maana nimeiona tangu chini.

Alitoka chuo cha sheria akaingia ofisi hiyohiyo, ghorofa ya chini kabisa, anashtaki wezi wa soksi na wenye mbwa wanaobweka. Wakampandisha kwenye kesi za madawa. Akawafunga vijana wa Cotter, wengine aliocheza nao kamba. Kisha siku moja akaja kanisani, akakaa benchi la nyuma na kulia ibada nzima, na wiki iliyofuata alikuwa amehamia upande wa pili, kuwatetea wasio na wakili. Hapo tulimpenda kupita kiasi. Miaka minane iliyopita akasema anagombea uendesha mashtaka wenyewe. Mabwana wa katikati ya mji walimcheka. Sisi tulibisha milango mpaka vidole vikavimba. Kila ngazi aliyopanda, sisi ndio tulioishika chini isiyumbe. Tatizo la kushika ngazi ni kwamba unaona soli za viatu tu.

Alipomaliza kuhutubia akanijia na sahani.

"Mjomba, umenuna."

"Nakula. Hivi ndivyo uso wangu unavyokula."

"Agosti, Mjomba."

"Nimesikia, Agosti. Ongeza samaki."

Jumapili, 17 Julai

Lonzo kaipata karatasi. "Mwambie Renita yuko humu ndani na mimi," anasema. "Ananipepea kutwa. Hata mke wangu hakunipepea hivi." Namkumbuka akimtengenezea Renita baiskeli alipokuwa mtoto, kila wiki mnyororo umetoka. Yeye hakusema habari ya baiskeli. Aliuliza kama Cotter bado kuna ule mti wa njugu za pikani. Nikasema upo. Haupo. Upepo uliuangusha tangu lini sijui.

Jumanne, 2 Agosti

AMESHINDA. Stroud kapigwa hata hawakungoja masanduku ya mwisho. Nimecheza na Earlene jikoni mpaka goti likasema inatosha. Nimechukua kofia nzuri nimeitundika mlangoni tayari kwa kesho kutwa.

Alhamisi, 4 Agosti

Nilikaa kwenye lile duka la viatu asubuhi yote. Watu wageni wenye suti walikuwa wakiingia na kutoka. Mmoja akaniuliza kama nimekuja kurekebisha bomba.

Renita alinipokea akiwa amesimama. Yule mgombea wa chama wa cheo cha mwanasheria mkuu wa jimbo zima kajitoa, ni mgonjwa. Kamati imemtaka Renita achukue nafasi yake kwenye uchaguzi wa Novemba. Kugombea cheo cha mjini kamwachia naibu wake.

"Unaelewa maana yake, Mjomba?"

"Maana yake sijui niingie au nitoke."

"Nikienda kwa jaji sasa, nani atasimama mahakamani kunipinga? Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Kila mara ndio wanaopinga. Wataburuza kesi miaka mitatu. Lakini nikiwa mimi ndiye mwanasheria mkuu? Hakuna wa kupinga. Lonzo anatoka wiki hiyohiyo." Akanishika mikono yote miwili. "Ila ninahitaji kura za wakulima wa kaskazini, na wale wakisikia nimemfungulia mtu wa kesi ya mauaji mwezi huu, basi. Nipe mpaka Novemba."

Bado alikuwa anasema kweli! Hilo ndilo linaloniudhi. Mwongo ningejua la kumfanya.

Nikasema sawa. Lakini nilisema nikiangalia mlango.

Jumapili, 7 Agosti

Lonzo kanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Novemba kuna baridi. Vizuri. Nitatoka na koti." Simu ikakatika.

Jumatatu, 15 Agosti

Joto. Wazee wawili wa Cotter wamelazwa.

Jumapili, 21 Agosti

Hakupiga.

Jumapili, 28 Agosti

Hakupiga. Earlene kapiga yeye gerezani, kahamishwa kutoka mtu hadi mtu, mwisho wakamwambia yuko zahanati. Mapafu.

Jumamosi, 10 Septemba

Tumemwona. Mpwa wa Tolliver katuendesha. Walimleta kwenye kiti cha magurudumu, na kwanza nilimwangalia mtu aliyekuwa nyuma yake, nikidhani Lonzo anakuja.

"Cleo, umezeeka," akaniambia.

"Na wewe umekuwa baiskeli."

Earlene akanifinya chini ya meza. Lonzo alicheka bila sauti, mabega tu. Ana umri wa miaka sitini na moja na mikono imekuwa ya Baba alipokuwa anakufa. Kwenye mfuko wa shati lake ilichungulia karatasi ya Tolliver, imelegea kama kitambaa.

Nikamwambia nitakwenda tena kwa Renita, safari hii nitamkalia mlangoni.

"Usimwendee."

"Kwa nini?"

"Ukimwendea anajisikia vibaya. Mtu akijisikia vibaya mbele yako atatafuta njia asikuone. Mwache apande. Akifika atageuka."

"Na asipogeuka?"

Akamgeukia Earlene. "Bado unapika zile tambi za jibini zenye ganda juu?" Earlene akasema ndiyo, na akaanza kueleza jibini gani siku hizi, na sote tukaongea jibini mpaka askari akasema basi.

Jumanne, 20 Septemba

Mvua ya kwanza. Vibao vya Renita vimelowa.

Jumatano, 12 Oktoba

Leo nataka kuandika taratibu nisikosee.

Nilikuwa kwa kinyozi. Televisheni imewashwa, hakuna anayeiangalia. Likaja tangazo la Renita. Amesimama kwenye shamba la soya la mtu mweupe fulani, kavaa koti la ngozi, upepo unampiga nywele. Akasema: "Kwa miaka minane sijamfungulia muuaji hata mmoja mlango wa gereza. Na sitaanza sasa."

Mkasi wa kinyozi ukasimama. Duka zima lilijua. Hakuna aliyenitazama, na nilijua kwa namna wasivyonitazama. Niliondoka na nywele za upande mmoja.

Renita alikuwepo ofisini. Hakufunga mlango.

"Mjomba, ni maneno ya tangazo."

"Lonzo ni muuaji?"

"Unajua sijasema hivyo."

"Basi niambie mimi, hapa, mbele ya hawa wenye suti. Lonzo Mabry ni muuaji?"

"Hapana."

"Kawaambie wenye soya."

Akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Nina wengine wanne kama Lonzo kwenye meza ileile. Nikianguka wanaanguka wote watano. Unadhani silali nao kichwani?"

"Wewe unalala nao kitandani kwako," nikamwambia. "Wao wamelala wapi?"

Mtu wa suti akanishika kiwiko. Nikamwambia bomba limeshatengenezwa, na nikatoka.

Mchana wote nikapita Cotter nang'oa vibao. Nilivirundika uani kwangu. Mbwa wa jirani alinifuata akitingisha mkia, kapata mwenzake.

Earlene akaja amefunga kitambaa kichwani, hata viatu havifanani. "Unafanya nini?"

"Nafanya usafi."

"Cleophus Mabry. Akianguka huyu, Lonzo amekwisha. Unajua au hujui?"

"Najua."

"Basi virudishe."

Alisimama palepale mikono kiunoni, dada yangu. Nikavirudisha. Kimoja kimoja, kwenye matundu yaleyale. Watu waliangalia kwenye madirisha. Huyo ndiye Cleo anayewacheka wote.

Alhamisi, 13 Oktoba

Kinyozi kanimalizia upande wa pili.

Jumapili, 23 Oktoba

Lonzo kapiga! Sauti iko mbali. Nilifungua daftari nimpe habari, nikaona habari zenyewe, nikalifunga. Nikamweleza goti. Akasema, "Endelea, hilo goti nalipenda." Hakuuliza habari za Renita. Kule wana televisheni.

Jumapili, 30 Oktoba

Hakupiga.

Jumapili, 6 Novemba

Hakupiga. Niliketi karibu na simu mpaka chai ikaganda utando.

Jumatatu, 7 Novemba

Padri wa gereza kapiga asubuhi. Lonzo alifariki Jumamosi. Waliweka karatasi zenye namba yetu mahali pasipo pake, ndiyo maana hawakupiga mapema. Anasema hakuteseka sana. Nilimwuliza "sana" ni kiasi gani. Maskini, ni kijana tu.

Earlene nimemwambia mimi mwenyewe. Alikuwa anakuna jibini. Aliendelea kukuna mpaka kipande kikaisha, akakuna na kidole.

Jumanne, 8 Novemba

Uchaguzi. Nilikwenda, ndiyo. Foleni ilizunguka shule. Mtu wangu amekufa, sina tena ninachodaiwa na kura. Nikasimama mbele ya karatasi nikatafuta jina lake, Gaithers, na kalamu ikasimama juu yake kama mkasi wa kinyozi. Nikawafikiria wale wanne. Kila mmoja ana kaka mahali fulani anayeongea na simu.

Nikaweka alama. Nimelaaniwa kwa yote mawili, kuweka na kutoweka, basi niliweka.

Kashinda. Kwa kura za wakulima.

Ijumaa, 11 Novemba

Tolliver kaniletea shati la Lonzo la kuzikiwa nilione. Nikamwuliza tai.

"Nyeusi," akasema. Hakunitania. Nilitamani anitanie.

Jumamosi, 12 Novemba

Tumemzika.

Nje kulikuwa na barafu kwenye nyasi. Ndani, kwa kuwa Kanaani Mpya halijui katikati, tanuru lilikwama kwenye moto mkali, na kabla kwaya haijamaliza wimbo wa kwanza watu walikuwa wanavua makoti na kuingiza mikono mifukoni mwa mabenchi. Mle ndani pepeo za Juni zilikuwa bado zipo. Kanisa zima likaanza kujipepea. Kutoka benchi la mbele niligeuka, nikaona uso wa Renita mara mia, unaenda na kurudi, unatabasamu juu ya sanduku la mdogo wangu. HAKI HAISUBIRI, HAKI HAISUBIRI. Na akina mama wa kanisa wakimpepea Earlene kwa hizohizo, wawili huku na wawili huku.

Tolliver aliona. Alitaka kuzikusanya, akanyoosha mkono kwa Mama Hattie, Mama Hattie akampiga kofi mkononi. "Nina joto, Dewitt."

Hapo Renita akaingia. Peke yake, bila wenye suti, koti jeusi. Mhudumu wa mlangoni, ambaye hufanya kwa kila mtu jambo lilelile tangu nimjue, akampa karatasi ya ibada na upepeo.

Aliushika kwa kijiti. Akaangalia. Hakuwa na pa kuuweka. Aliketi nyuma kabisa, benchi lile alilokalia akilia siku ile, ameulaza mapajani, na nilipogeuka tena niliona ameulaza, upande wa gari jeusi ukiwa juu.

Makaburini alikuja kwangu.

"Nilisaini Jumatano asubuhi, Mjomba. Kabla ya kitu chochote. Sikujua. Hakuna aliyeniambia."

"Jaji kasemaje?"

"Kasema hakuna wa kufunguliwa."

Nilikuwa na maneno. Miezi yote hii nimeyanoa. Nikamwona amesimama kwenye tope na viatu vya ofisini, mwanasheria mkuu wa jimbo zima, na nikaona yule mtoto na mnyororo wa baiskeli umetoka. Ningependa kuandika kwamba nilimsamehe. Sikumsamehe. Ningependa kuandika kwamba nilimtukana.

"Wale wanne," nikamwambia.

"Januari, Mjomba. Nikishaapishwa tu. Nakuapia."

Nikavaa kofia.

Jumapili, 13 Novemba

Saa ya Lonzo ilipofika nilikaa karibu na simu. Earlene alinikuta, akavuta kiti, akakaa naye.

Gereza limeleta vitu vyake ndani ya boksi la viatu. Miwani, soksi, picha ya Mama, na karatasi ya Tolliver. Nimeitafutia kijiti, nimeigundisha, ili iwe kama zilivyo nyingine. Kiangazi chote alikuwa anaishika palepale, kwa kidole gumba, kwa kuwa haikuwa na mpini. Uso wa Renita umefutika kabisa. Macho, meno, maneno ya chini, vyote vimekuwa weupe mtupu na mafuta ya kidole.

Upande wa Tolliver unasomeka wote.